Suti ya Shemeji na Bampa Langu

Uko wapi? Acha unachofanya, soma hii.

Unamkumbuka shemeji, mume wa dada, aliyesema mbele ya wakwe zangu kwamba gari langu limeota mvi? Leo amekuja mwenyewe, na suti ya rangi ya maziwa.

Mimi nipo uani tangu asubuhi, nazipaka rangi upya zile plastiki nyeusi za gari zilizopauka. Za milango zilishakauka. Bampa la nyuma ndiyo kwanza nimelipiga mkono wa pili wa rangi.

Akagusa ya mlango kwa kidole. Akakitazama kidole, kisafi. Akacheka: "Rangi yako hii haitashika hata wiki."

Haitashika. Uani kwangu, mwenzangu.

Halafu akazunguka nyuma ya gari, bado ananisema, akaketi kwenye bampa.

Akaketi. Nilimwona anavyojishusha. Mdomo ukafunguka, nikazikumbuka zile mvi, nikaufunga.

Nikamuuliza tu, "Umependeza, shemeji, unakwenda wapi?" Akasema anakwenda kusimama mbele ya wakurugenzi wote wa kampuni. Nikamwambia kila la heri. Kwa moyo mmoja kabisa.

Akainuka, akaingia kwenye gari lake jipya, lile la viti vyeupe ambavyo hata wanawe hawaruhusiwi kuvikalia na biskuti. Akapiga honi, akaondoka.

Sasa hivi ananipigia simu. Hii ya sita. Bado nanawa mikono.

Nikipokea nitamwambia neno moja tu: imeshika.