King'ora cha Ndiva

Chome,
3 Aprili 2024

Mwanangu Doris,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla ya kufungua bahasha. Huku tu wazima, ila masikio yangu ndiyo hayo hayo: jogoo anawika mbele yangu, naona mdomo tu. Usinipigie simu, utamaliza salio bure. Andika, macho bado yananitii. Hujambo wewe? Wanafunzi wako wa kompyuta hawajakutia wazimu?

Sasa nikusute kidogo. Jumatatu ya Pasaka ulikuja na flashi yako, ukasema hiyo programu ya Linux ya mashine ya ndiva imezeeka, lazima ipandishwe toleo jipya. Nikakuuliza, inaumwa? Ukasema haiumwi. Nikakwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Hukunisikia, kumbe kiziwi si mimi peke yangu. King'ora hatukukijaribu kwa heshima ya msiba wa jirani yetu, marehemu Paschal, nawe ukawahi gari la dereva wetu Sefu. Jana radi zilipozidi niliizima mashine. Leo nimeiwasha, nembo inatokea, halafu kiza. Kioo cheusi tii.

Unajua kilichopo, mwanangu. Ukuta wa ndiva, bwawa letu hili la kumwagilia, una ufa tangu mwaka juzi, na injinia alisema maji yakivuka mstari mwekundu, king'ora kilie, watu wakimbilie kanisani ng'ambo ya korongo, asibaki mtu ukutani wala chini yake. Nyumba kumi na nne ziko chini, ya kwanza ni ya Lukia na wajukuu zake. Tangu ulipofunga boya, waya na ile spika kubwa, baragumu langu la kuitia msaragambo, watu wapande na majembe kwa kazi ya kijiji, limetundikwa ukutani, nami nalala usingizi. Sasa silali.

Baba yako,
Eliezeri, mlinzi wa ndiva


Same,
5 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hapa Same hatujambo, jua linachoma utadhani mvua ni hadithi. Lakini kutoka dirisha la darasa nayaona mawingu yamekalia milima yenu, siku ya nne hii hayaondoki. Unavaa koti? Kifua chako nakijua.

Kejeli zako nimezipokea, na kosa ni langu. Kioo cheusi usikiogope. Izime mashine, uiwashe huku umebonyeza Shift bila kuachia, mpaka itokee orodha. Chagua Advanced options, na ndani yake mstari wenye namba ndogo zaidi. Huo ni moyo wa zamani wa mashine, nimeuacha humo kwa dharura.

Ukiingia, tazama kama kipimo cha maji kinasomeka. Kisiposomeka, fungua lile dirisha la amri uandike hivi, usikose hata nafasi:

sudo usermod -aG dialout eliezeri

Hapo unajirudishia ruhusa ya kusoma waya wa boya. Izime, uiwashe tena kwa njia ile ile. Halafu tangaza kanisani, ujaribu king'ora, uniambie kama umesikia. Samahani baba, kama watu wamesikia.

Mwanao,
Doris


Chome,
8 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kizuri, koti navaa, usinifanye mtoto. Nimefurahi kusikia u mzima.

Kioo kimewaka. Amri yako niliiandika mara nne. Mara ya tatu nilisahau kanafasi kamoja, ikanijibu kwa ukali kama mwalimu wa zamani. Sasa kipimo kinasoma: sentimita sitini na moja chini ya mstari.

Jana baada ya ibada nikabonyeza Jaribu. Vile vijiti vya kijani vya sauti vikapanda na kushuka, vikacheza mpaka juu. Nikatoka mlangoni kifua mbele, nikampungia Lukia mkono. Akanipungia. Nikaiacha ilie dakika tano nzima. Lukia akapanda mpaka kwangu, akachukua kalamu, akaandika kwenye kalenda: Mzee, unaanza saa ngapi?

Doris, nilijisikia vibaya sana. Nikaweka kiganja kwenye spika, haitetemeki. Taa ya amplifaya inawaka, betri ya sola imejaa, waya zote ziko mahali pake. Kumbe dakika tano nilikuwa najivunia kimya mbele ya kijiji kizima.

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Lango nimelifungua lote, lakini yanayoingia yanazidi yanayotoka.

Baba yako,
Eliezeri


Same,
10 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo, na pole sana. Usione haya. Wangapi wana masikio yao na hawasikii?

Vile vijiti vinacheza kwa sababu mashine inatoa sauti, ila inaitoa pasipofaa. Fungua Settings, ingia Sound, tazama palipoandikwa Output. Chagua Headphones, ndiyo tundu la waya wa spika yako. Kisha mwite Lukia akae karibu, ujaribu tena.

Ningepanda leo, lakini wanafunzi wana mitihani, na mkuu wa chuo amekataa katakata kuniruhusu. Jumamosi ya tarehe 20 nitakuwa hapo asubuhi, hata kwa bodaboda. Na ikishindikana kabisa kabla sijafika, si una baragumu lako? Lipige, watu watajua kuna jambo.

Kipimo kinasoma ngapi sasa? Niandikie kila siku, Sefu nimeshamwomba.

Mwanao,
Doris


Chome,
15 Aprili 2024

Mwanangu Doris,

Marahaba, mama. Barua yako imekaa kwa Sefu siku tatu, gari lilizama matope. Mimi mzima, ila huku nguo hazikauki, na kuni zinatoa moshi tu.

Headphones haipo. Nimetazama juu, nimetazama chini. Kwenye Output kuna kitu kimoja tu, kinaitwa Dummy Output. Nimekichagua mara kumi. Vijiti vinacheza, Lukia anatikisa kichwa.

Kipimo kinasoma sentimita tisa. Ufa unatoa maji, membamba, lakini yana udongo.

Lakini usihangaike, umenikumbusha jambo. Umesema kama mtoto wa mpiga baragumu! Nimelishusha, nimelipaka mafuta, na pumzi bado ninayo. Mashine yako inawakimbiza watu. Baragumu langu linawaita. Hata mwaka ule wa njaa nililipiga, na hakubaki mtu nyumbani, si mzee si mtoto, wote wakapanda na majembe. Ndivyo itakavyokuwa. Maji yakigusa mstari nitapiga mara tatu, wapande wote, tuchimbe mfereji wa pembeni hapo hapo kwenye bega la ukuta, tuyapunguze. Majembe arobaini, Doris! Ndiva hii aliichimba babu yangu, siwezi kukimbilia kanisani nikaiangalia ikifa. Lukia ameshatia jembe lake mpini mpya.

Njoo Jumamosi utukute tunakula ndizi.

Baba yako,
Eliezeri


Same,
17 Aprili 2024, asubuhi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina salamu ndefu.

USILIPIGE BARAGUMU. Nakuomba kwa jina la marehemu mama. Mimi ndiye niliyekosea. Niliandika kwa haraka, katikati ya kusahihisha mitihani, nikasahau baragumu ni wito wa kupanda. Injinia alisema asiwepo mtu ukutani. Maji yenye udongo maana yake ukuta unaliwa kwa ndani. Majembe hayawezi kitu hapo, baba, na uzito wa watu arobaini utauangusha.

Mashine iache. Dummy ni spika ya uongo, maana yake haioni spika yoyote. Ule moyo wa zamani niliokwambia uchague ndio ulioipoteza, nao pia ni ushauri wangu. Nenda kwa Lukia sasa hivi, baada ya kusoma hapa. Shika mkono wake, shika wajukuu, pitieni nyumba hadi nyumba, wote kanisani. Ndiva tutachimba nyingine. Mimi mwenyewe nitachimba.

Namba ya Lukia haipatikani tangu jana. Ya mchungaji pia. Nampa Sefu barua hii mkononi.

Mchana. Sefu amerudi nayo. Barabara imekatika kabla ya kufika nusu ya njia. Mtihani nimeuacha, nimekodi bodaboda, nimefika pale pale alipofika Sefu. Nimeita mpaka sauti imekauka, kana kwamba ungenisikia.

Tarehe 18, jioni. Naendelea kwenye karatasi hii hii. Husna, muuza ndizi wa hapa stendi, ameshuka kwa miguu kupitia msituni. Nimemuuliza kama alisikia king'ora. Amesema hapana, ila asubuhi, akiwa ng'ambo ya korongo, alisikia baragumu, mara tatu. Alisimama kidogo kutazama, kwa sababu hajawahi kuona msaragambo wa watu wengi vile. Walikuwa wanapanda wote, majembe begani, na Lukia mbele na wajukuu zake.

Baba, niandikie. Hata neno moja.

Mwanao,
Doris