Rangi ya Gauni la Dada Yako

Chumba cha juu, Duka la Baiskeli,
Mtaa wa Ufukweni.
Jumapili, wiki ya kwanza ya majira ya joto.

Mpendwa shemeji,

Hujambo, na watoto hawajambo? Mumeo, mwanyumba wangu, naye mgongo umemwachia, au bado anainuka kitini kama anayenyanyua gunia? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala kidogo, nafanya kazi. Mengine ni hayo unayoyajua.

Barua yako niliipata. Umesema watoto wanataka kuja kuona sherehe za ufukweni, ila wewe unaogopa mtanitonesha kidonda. Njooni tu. Kidonda chenyewe kinauma kila siku, mkikitonesha sitaona tofauti.

Watoto watafurahi, hilo sina shaka nalo. Bembea za kuzunguka zimetiwa grisi, safari hii hazilii kama paka. Bendi inapiga kila jioni kwenye jukwaa kando ya gati, na mpiga tarumbeta ni yule yule Mashavu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo kubwa: asubuhi mashindano ya kujenga nyumba za mchanga, mchana mashua za makasia, na giza likiingia, fataki. Muuza aiskrimu ameleta ladha mpya ya kijani ambayo hakuna aliyeitambua bado. Ukimuuliza ni ya nini, anakwambia, "We kula kwanza."

Mimi niko pale pale pangu, karibu na ngazi za kushukia mchangani, na kamera yangu na ubao wa dada yako. Watoto hawaujui, kwa hiyo waeleze. Ni ubao mrefu kuliko mtu, na juu yake amechora mwanamume na mwanamke wamesimama mbele ya mawimbi, ila hawana nyuso. Penye uso pana tundu. Mtu anapita nyuma, anachomoza uso wake, nampiga picha, watu wanacheka. Yule mwanamke kavaa lile gauni lenu la sare.

Unakumbuka kwamba kila siku ya kufungua msimu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchomoza uso. Alisema anapima kama tundu halijasinyaa. Mwaka huu nimefungua peke yangu. Nilisimamisha ubao, nikarudi nyuma, nikapiga picha kama kawaida. Nimeitia humu ndani ya bahasha. Usidhani imeharibika. Kile cheupe kinachoonekana penye uso ni gari la aiskrimu.

Tangu siku hiyo nyuso nyingi zimepita juu ya gauni lile. Juzi alikuja dereva mmoja wa lori mwenye ndevu hadi kifuani, akachomoza uso upande wa mwanamke, ndevu zikamwagika juu ya kola. Wenzake wakampigia makofi.

"Mrembo, umeolewa?" mmoja akamuuliza.

"Nimeolewa," akajibu, "mume wangu si huyo hapo mwenye kamera!"

Wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nikapiga picha, ikatoka vizuri. Halafu nikaenda nyuma ya ubao nikajifanya nakaza skrubu.

Sasa nikwambie shida yangu. Chumvi imeula ubao. Rangi inabanduka kuanzia pindoni kwenda juu, na gauni limepauka mpaka linafanana na maji ya kuoshea vyombo. Mama wa ofisi ya sherehe alikuja kuutazama, akaniambia kwa upole kwamba usipopakwa upya kabla ya Jumamosi ya fataki utaondolewa, kwa sababu wageni wanalalamika picha zao zinakuwa kama za marehemu. Aliposikia alichokisema akajishika mdomo. Nikamwambia hakuna neno, mama.

Fundi wa mabango yuko tayari kuupaka. Ni mtu mwema, na kuchora herufi alifundishwa na dada yako mwenyewe. Lakini aliponiuliza gauni lilikuwa la rangi gani, nilikwama. Miaka yote hii nimelipiga picha, nalo likawa linapauka kidogo kidogo na macho yangu yakizoea. Nikasema bluu. Kisha nikasema hapana, zambarau. Fundi akaweka brashi chini, akatazama baharini ili asinitazame mimi. Shemeji, nimeishi na gauni lile, nimelianika, nimelifunga vifungo vya mgongoni, na rangi yake imenitoka.

La kwake unajua lilivyoishia: alilichana matambara ya kufutia brashi. Limebaki lako tu, lililokatwa kitambaa kimoja na lake. Nakuomba uje nalo. Hata kama panya wamelila, kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha.

Tena kuna suala la kidole. Mkono wa kushoto wa yule mwanamke una vidole sita. Siku aliyouchora alikuwa na brashi moja mkononi na nyingine kati ya meno, na bado anaongea nami, maana brashi haikuwahi kumnyamazisha. Nilipomwonyesha alisema, "Anayekuja baharini kuhesabu vidole na arudi kwao." Fundi anataka kukifuta, tena bure. Nimemwambia akikigusa tutakosana, na wewe unajua mimi si mtu wa kukosana na watu.

La mwisho ndilo gumu kuandika. Watu wote husema sura zenu ni moja, na mimi huona hivyo kuliko wote. Mkifika, watoto watakuvuta mkono ukachomoze uso kwenye lile tundu. Kama unaweza, wakatalie. Ukishindwa, na najua kwa watoto unashindwa upesi, uniashirie kwanza, ili kamera nimpe mtu mwingine.

Nisalimie mama, mwambie koti alilonishonea bado nalivaa. Msalimie mwanyumba, asibebe mabegi yote peke yake. Watoto waambie baba mkubwa anawasubiri pale ngazini.

Mungu awavushe njia yote salama, na awafikishe mkiwa mnacheka.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa upendo wangu na kwa fungu la dada yako,

Mpiga picha wa ngazini