Paulina Mndolwa, Aliyekataa Kukalishwa Kitini

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, mwezi wa Machi 1977, hospitalini Korogwe.

Ulichambua nyuzi za mkonge kiwandani Ngombezi tangu kabla ya Uhuru. Ulipoacha kazi tulikuandalia chumba nyumbani kwa mwanao Kaleb, Chanika, na kiti kizuri barazani. Mzazi akizeeka hukalishwa. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Dada yako, mama mkubwa Yuditha, alikalishwa hivyo hivyo, hashiki jembe, hasumbuliwi na maongezi. Haikupita miaka mingi akaanza kutuuliza sisi ni watoto wa nani.

Ulikitazama kile kiti ukasema, "Wanangu, kufa siogopi. Naogopa kuwasahau."

Ukahamia kijiji cha ujamaa, Kwaluguru, na ubishi wako wote. Ukajiandikisha elimu ya watu wazima, nawe kusoma unajua. Ulisema unakwenda kumsahihisha mwalimu. Ukajifunza Kimasai kwa jirani yako Nasieku, aliyekuletea maziwa, mpaka mkawa mnatusengenya mbele ya macho yetu. Na kila alipokuja mtani wako Dominiko, Mnyamwezi mliyefanya naye kazi Ngombezi, hapakukalika.

"Bibi kizee, kaa chini usubiri jeneza!"

"Nitakaa nikishakuzika wewe, uliyetoka Tabora kwa miguu ukasahau ulichofuata!"

Daktari alituambia hawezi kuapa kwamba shughuli ndizo zilizokukinga, maana maradhi ya usahaulifu huwapata hata wachangamfu. Ila ameona mara nyingi kwamba akili yenye watu wa kubishana nao na jambo jipya la kujifunza hukawia kuchoka. Sisi tunasema tulichokiona: siku ya mwisho ulituita wote kwa majina, na wajukuu pia, ukamkumbusha Stefano kwamba paa lake linavuja.

Tulipokuwa tukikupeleka makaburini, Dominiko alijilaza katikati ya njia, kama watani wafanyavyo msibani. "Hapiti mtu hapa mpaka bibi kizee anijibu!" Watu wakacheka. Tulisimama na jeneza mabegani, na wengine wetu tulisubiri kweli.

Unakumbukwa na wanao Kaleb na Stefano, wakwe na wajukuu zako, Nasieku, na Dominiko ambaye siku hizi hana wa kumtukana. Mama mkubwa Yuditha tumemsomea haya. Aliuliza Paulina ni nani, tukamweleza.

Tutakukumbuka, Mama, kwa muda wote tutakaojaliwa akili ya kukumbuka.