Wifi Anapokusomea Yohana

Batsinda, Kigali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Umeamkaje, na miguu, bado inavimba asubuhi? Mimi sijambo. Kiwandani huku Masoro wamenihamishia kwenye kushona kola za mashati. Kazi inachosha shingo, ila nimeizoea.

Nimeandika, sikupiga simu, kwa sababu kwenye simu ningekudanganya tena. Ulipouliza mbona sipigi, nilikwambia mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na tatizo, Mama. Nilikuwa na wivu.

Uliniambia kwamba tangu Restituta, mke wa kaka, aanze kukusomea Biblia, hata Injili ya Yohana unaisikia upya. "Anasoma taratibu," ulisema, "ananiacha nifikiri." Nikajibu, "Vizuri, Mama." Moyoni nilikuwa nachemka. Macho yako yalipoingia giza, nani alikusomea kila alfajiri kabla hata ya kuwasha moto? Ni mimi, miaka minne, mpaka nilipokuja huku. Yeye hata kuolewa alikuwa bado. Basi nikakaa kimya wiki tatu, nikisubiri usikie pengo langu.

Jumapili iliyopita, wanawake wa kanisani tulikutana kwa Mama Aline, kiongozi wa kikundi chetu, aliyekulia Karagwe. Zamu ya kueleza neno ilikuwa yangu: pale Yesu anapomwambia Petro amfuate, naye Petro anageuka, anamwona yule mwanafunzi mwingine aliyependwa akija nyuma yake, anauliza habari zake. Nikaeleza vizuri sana kwamba Yesu alimjibu hayo hayamhusu, yeye afuate tu. Mama Aline akanitazama.

"Sasa wewe, Domina, nyuma yako iko nani?"

Nikasema hakuna mtu. Hakuniondolea macho. Ndipo nikamtaja Restituta, nikalia mbele za watu.

"Petro hakufukuzwa," akasema Mama Aline. "Lakini hakupewa jibu ile alikuwa anataka."

Mimi pia sijapewa. Wivu haujaisha, hata sasa nakuona umeegemea ukuta, umemgeuzia yeye uso, na roho inaniuma. Lakini nakumbuka pia jinsi nilivyokuwa nakusomea mbiombio ili niwahi sokoni, na ukiuliza swali nakwambia tutaliona kesho. Hukuwahi kulalamika. Naomba unisamehe.

Msalimie kaka, na mama mdogo, na katekista wetu.

Restituta, wifi yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama karatasi hii, na labda hapa umesita kusoma. Usiruke neno, hata pale nilipokuonea wivu. Nitapiga Jumamosi nikitoka kazini. Usimpe Mama simu haraka. Nataka kuongea na wewe kwanza.

Mwanao, na wifi yako,
Domina