Isale la Manila Kwenye Kiti cha Baba Mdogo

Masama,
14 Desemba

Kaka Hosea,

Shikamoo kaka. Naamini barua hii inawakuta wazima huko Songea, wewe, wifi Yuditha na watoto. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama linalomsumbua kila vuli ikinyesha. Ng'ombe amezaa ndama jike. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Najua umeshapigiwa. Umeambiwa mdogo wako Winfrida amemwaibisha Baba mdogo Ebenezeri mbele ya kata nzima siku ya Uhuru. Ni kweli, nimemwaibisha. Sasa sikia ilivyokuwa.

Unaikumbuka ile mashine yangu ya kukata karatasi niliyoletewa kupitia Tarakea, ile uliyoiita kichezeo? Mwaka huu mtendaji wa kata aliniomba nipambe uwanja wa shule kwa sherehe. Wiki nzima meza ya chakula ilikuwa yangu. Unachora umbo kwenye kompyuta, unabandika manila kwenye kile kibao chenye gundi, kiwembe kinatembea chenyewe, kazi yako ni kubandua taratibu usichane. Nilikata vibendera, mienge na twiga, mama akitunga kwenye uzi na kulalamika kwamba shingo za twiga zinakatika. Manila ya kijani ilibaki nyingi, nikakata na majani ya isale, lile la kuwekea mipaka na kuombea msamaha. Mtu wa Masama ningekata majani gani mengine?

Tarehe tisa uwanja ulipendeza, aisee. Watu walitoka mpaka Kwa Sadala kuja kupiga picha. Wazee walipangiwa viti mbele, chini ya turubai. Baba mdogo akafika kwenye kiti chake, akaona isale la karatasi limefungwa kwenye egemeo. Alipopewa nafasi ya kuwasalimu wananchi, akalifungua, akaliinua juu, akatangaza kwamba binti wa marehemu kaka yake hatimaye amemletea isale kuomba msamaha, kama mila inavyotaka; kwamba yeye ni mzazi, amesamehe; na kwa hiyo maneno ya mpaka yamekwisha na ile mistari minne ya kahawa ni yake. Watu wakapiga makofi. Makofi, kaka!

Wewe hukuwepo mwezi wa nane. Ulikuwa umerudi Songea, matanga ya baba yamekwisha juzi tu, alipong'oa masale ya mpakani na kuyapanda upya ndani ya kihamba chetu, shamba alilotuachia baba, akameza mistari minne aliyoipanda baba kwa mikono yake. Nikamwita mwizi, barabarani, watu wanatoka kanisani. Tangu siku hiyo hatusalimiani, na mama anazunguka kwa njia ya mfereji ili asipite mbele ya nyumba yake. Leo huyo huyo ananisamehe kwa kipaza sauti!

Nilimfuata pale pale. Nikachukua kipaza sauti mkononi mwake, nikasema ile ni karatasi, imekatwa na mashine, ni pambo kama twiga na mwenge. Sijamwomba mtu msamaha, na kahawa ni ya baba yangu. Halafu wazee wakaanza kubishana wao kwa wao. Mzee Basili akashikilia kwamba isale likishapokelewa limepokelewa, hata liwe la bati. Bibi Magreth akacheka mpaka akashika mbavu, akauliza tangu lini watu wakapatanishwa kwa manila. Mgeni rasmi hakuelewa chochote, akaomba kwaya iendelee. Mama alilia njia nzima.

Sasa nakuungamia wewe. Nilidanganya kwenye kile kipaza sauti. Majani mengine yote niliyatundika juu kwenye turubai. Kwenye viti nilifunga moja tu, na nilijua nani atakaa pale, maana majina niliyabandika mimi. Nilikuwa naomba msamaha kweli, kaka. Si kwa ajili ya mpaka. Kwa ajili ya lile neno. Kumwita mdogo wa baba mwizi mbele ya washarika kumeninyima raha miezi minne. Lakini isale la kweli linataka uende kwa miguu yako na useme kwa mdomo wako, nami niliogopa. Nikajificha nyuma ya bendera ya taifa. Hilo linaniuma kuliko yale makofi.

Basi jana mchana nilikata isale bichi, nikalishika kwa mikono miwili, nikaenda kwake na Mzee Basili na Bibi Magreth wawe mashahidi. Nikamwambia kwamba kwa lile neno nilimkosea adabu, anisamehe. Kwa mistari minne siombi kitu, sina kosa, na nikitoka hapo narudisha masale mahali alipoyapanda baba. Alilitazama lile jani muda mrefu. Mila unaijua, isale halikataliwi. Akalipokea. Nikaenda kurudisha mpaka, mche kwa mche, yeye amesimama uani kwake ananiangalia. Hakuja.

Wapo wanaosema kihamba ni cha mtoto wa kiume na mimi ni kimbelembele. Kama na wewe umo, njoo Krismasi uniambie usoni, ukiwa umesimama katikati ya ile kahawa. Na Baba mdogo nilimwambia kabla sijatoka kwake: akivuka tena nitamwita jina lile lile, kwa sauti kubwa zaidi, halafu nitarudi na isale lingine kumwomba radhi.

Mama anakusalimu sana na anauliza watoto wamerefuka kiasi gani. Mfikishie wifi salamu zangu, na Mungu awatunze nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Winfrida