Umeniuliza Nani Alisema

Zwalmbeke,
Jumapili jioni.

Kaka yangu mpendwa Wannes,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakufikia salama huko Uhispania, na kwamba goti halikusumbui tena. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini baa hajaifunga hata siku moja. Baiskeli uliyoshindia ubingwa bado inaning'inia juu ya kaunta, naye huipangusa kila asubuhi kabla hajachemsha kahawa.

Uliponipigia simu uliniagiza nimtafute aliyefungua mdomo mbele ya wapelelezi wa dawa za kuongeza nguvu. Ulisema mtu huyo ametutilia mchanga kwenye kitumbua, na kwamba lazima ni msichana mmoja wa timu yetu. Usihangaike, kaka. Ni mimi.

Naam, mimi, na sijutii. Nilipomtembelea Sien, mwenzangu wa timu, hospitalini baada ya yeye kuanguka mazoezini, aliniuliza kama atapona kabla ya mashindano ya barabara za mawe. Daktari wa moyo alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba hataendesha baiskeli hata kwenda dukani. Binti wa miaka kumi na tisa! Timu nzima inajua alikuwa akijichoma nini. Mimi nilikataa sindano hizo, nikaitwa mtawa.

Usidhani nimepigiwa makofi. Jana yalikuwa mashindano ya kijiji chetu. Kila nilipochomoka mbele, kundi zima la waendeshaji lilinifuata, hata wenzangu wa timu ambao kazi yao ni kunikinga upepo. Griet, niliyelala naye chumba kimoja msimu mzima, alinisogelea akicheka: "Nenda basi, shangazi polisi! Leo hata ukienda chooni tutakusindikiza." Kwenye kilima cha kanisa, wazee wa klabu ya mashabiki wako, walewale walioninunulia soda nilipokuwa mdogo, walinipa mgongo. Mzee Gust alinimwagia bia. Nikamwambia aongeze nyingine, kuna joto.

Nilichomoka tena, wakanikamata tena. Nilimaliza wa mwisho, lakini nilimaliza. Kisha nikaingia baani na viatu vyangu vya matope, nikakalia kiti changu cha siku zote. Mama akakata keki ya mchele, kile kipande cha pembeni kilichoungua ninachokipenda, akaniwekea mbele ya wote. Mzee Gust alipomuuliza kama ataendelea kumlisha msaliti, alimjibu kwamba baa ni yake, mtoto ni wake, na mlango anaujua.

Lakini mama hajui yote, na wewe pia hujui yote. Magazeti yametaja jina la daktari wa timu peke yake, nadhani umeshapumua. Wapelelezi waliniuliza ni nani aliyekuwa akivileta vile vichupa vya dawa. Nilitaka kukuficha, Wannes. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinisukuma mgongoni kwa mkono mmoja kwenye kilima kilekile, mpaka nikaweza kupanda peke yangu. Nililia mbele yao. Kisha nikakumbuka friji ya mama, na vichupa ulivyoviweka nyuma ya siagi ukimwambia ni vitamini za wasichana. Sien alikuwa akipita kuvichukua, na mama alimfungia kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na mkate wa kula njiani. Umemfanya mama yetu apeleke sumu huku anatabasamu. Basi nikalitaja jina lako, pamoja na la ukoo, ambalo ni langu pia.

Watakuja kukutafuta huko. Usikimbie. Njoo umwambie mama kwa kinywa chako, kisha uende ukakae kando ya kitanda cha Sien umtazame usoni. Ukichelewa, nitamwambia mimi. Jumamosi nitashindana tena, na wanifuate wanavyotaka. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukishachomoka hugeuki nyuma.

Mama anakusalimu sana. Anasema ukija na vitamini zako, nafasi nyuma ya siagi bado ipo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyefuta hata neno moja,

Maaike Verschaeve