Bia Nyekundu Isiyo na Jina Lako

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kuna mtu anataka kuandika jina lako kwenye chupa za bia, na ameniachia mimi niamue.

Mwenyewe ni Gaudensi, wa ile familia tuliyopakana nayo shamba la kahawa pale Mapera. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kikubwa cha bia, akarudi, na sasa ana kiwanda chake kidogo nje ya mji wa Mbinga: vyumba viwili, matangi manne na friji moja inayonguruma. Anatengeneza bia nyekundu kwa kimea cha ulezi. Anasema anaitafuta ladha ya ugimbi wako, ile pombe ya ulezi uliyokuwa ukiipika, ila aliunywa mara mbili tu na hajiamini. Wazee waliokuwa wakishinda kilabuni kwako kila mmoja amemwambia lake. Mmoja alisema haiwezi kufanana kwa sababu haina makapi. Ndipo akanipigia simu huku Mbamba Bay.

"Mwalimu, wewe ni mwanae. Ukisema ndiyo yenyewe, naliweka jina la mama. Ukisema siyo, naacha."

Nilipanda Mbinga Jumamosi. Alinikalisha mezani, akaniwekea sahani ya dagaa wa ziwani waliokaangwa, akamimina glasi moja, akakunja mikono. Nami nikakunja yangu. Tulikaa hivyo hadi povu likaanza kupungua.

"Mwalimu, mbona huonji?"

"Nakusubiri wewe."

Alijipiga paji la uso. "Nisamehe, dada yangu. Kiwandani walituzoesha vibaya." Akachukua glasi ileile, akanywa funda moja mbele yangu kama mila inavyomtaka mwenye pombe, akanirudishia.

Basi nikaonja. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika, na ukiinua dirishani inakuwa nyekundu kweli. Povu ni jembamba. Harufu ni ya unga uliokaangwa, na nyuma yake kuna kitu kama ukoko wa mkate. Mdomoni inaanza na utamu mdogo wa sukari guru, halafu unakuja uchungu ambao hauna haraka ya kuondoka. Ni ya baridi mno kwa maoni yangu. Ubaridi ulipopungua, ulezi ulianza kusikika vizuri, na dagaa wakaenda nayo sawasawa.

Gaudensi alikuwa ananitazama mdomoni.

Mimi nilikuwa naitafuta ya kwako. Kazi yake naikumbuka yote: ulezi uliouloweka na kuufunika kwa majani ya mgomba hadi uote, mkeka niliokaa kando yake nikifukuza kuku, unga ukiukaanga kwenye bati huku moshi unakutoa machozi. Naweza kumfundisha mtu hatua kwa hatua. Lakini ladha, nilipoitafuta, sikuikuta mahali popote.

Unajua kwa nini. Siku naondoka kwenda kuanza kazi ya ualimu, ulipika kidogo, ukasema, "Huu nimekupikia wewe." Ukanywa kwanza, ukafuta ukingo wa kikombe kwa kanga, ukaninyooshea. Nikakujibu, "Mimi sinywi hayo, mama." Ukasema, "Haya, mwanangu," ukampa jirani. Sikuwa nimeokoka wala sikuwa mgonjwa. Niliona aibu. Shuleni waliniita mtoto wa kilabuni, nami nikaapa kwamba pombe yako haitagusa ulimi wangu. Za chupa nilikuja kuzinywa, tena kwa raha, na walimu wenzangu. Ya kwako sikuigusa mpaka tunakuzika. Najuta, mama. Nimechelewa kulisema, lakini ndivyo ilivyo.

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Gaudensi angefurahi, na jina lako lingesomwa hadi Songea.

"Sijui," nilimwambia.

"Siyo yenyewe?"

"Sijui, Gaude. Sikuwahi kuinywa pombe ya mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alifungua droo, akatoa karatasi za kubandika kwenye chupa. Jina lako lilikuwa limeshachapwa, kwa herufi nzuri za manjano. Akazitazama kidogo, akazirudisha ndani. Hakunilaumu. Alisema ataiita Nyekundu tu, na akaniuliza kama angalau ni nzuri.

Nilimaliza glasi yote. Ni nzuri, mama. Nusu ya Mapera wangeweza kukaa kwenye kile kiti na kumjibu alichouliza. Aliyeshindwa ni yule uliyemzaa.

Pumzika salama,
Binti yako